Sikumkataza Kupeleka Chakula

Walimkamata Dada Arvella Tidwell Jumatano asubuhi kwa sababu alipeleka chakula.

Nilikuwa mahakamani, kwenye korido ya chini, nikingoja karani anigongee muhuri karatasi za kesi ya mpaka wa shamba kati ya ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu baba yao azikwe. Naibu wa sherifu, Lamar Pruitt, akanijia akitafuna mkate wa yai.

"Shemasi, dereva wako tunaye huko nyuma."

"Dereva gani?"

"Wa basi la shule. Amevunja sharti la dhamana. Jana alikwenda kwa Mama Stallworth na bakuli."

"Bakuli la nini?"

"Kuku na mkate wa mahindi, wa kuoka. Nasikia ulinukia vizuri sana." Akajifuta mdomo. "Sasa ni kielelezo."

Nikaegemea ukuta. Karani aliniita mara mbili kabla sijamsikia.

Kila mtu katika kaunti yetu anaijua habari yenyewe. Mwezi wa Februari basi la Dada Arvella liliacha lami kwenye kona ya daraja la kinu, likalala ubavu mtaroni. Watoto walitoka na michubuko, isipokuwa Tavion, mjukuu wa Mama Dovie Stallworth, aliyevunjika paja na sasa anatembea kwa magongo. Mtu aliyekuwa nyuma na gari la mizigo alisema aliona kichwa cha dereva hakiko mbele, kama mtu anayesoma simu. Mwendesha mashtaka akamfungulia kesi ya jinai: kujeruhi kwa kupuuza hatari aliyoijua, kosa la gerezani. Naye Mama Stallworth, kwa niaba ya mtoto, akamfungulia kesi ya madai kupitia wakili wa Birmingham. Zote mbili nikazibeba mimi, kwa sababu Dada Arvella hakuwa na mwingine wa kumwendea. Tunaimba naye kwaya moja. Yeye ni sauti ya pili na mimi ni besi mbovu.

Jaji alimwachia kwa dhamana, kwa sharti kwamba asiwasiliane na familia ya mtoto. Siku ile nilimkalisha ofisini nikamweleza taratibu. Usiwapigie simu. Usiwaandikie. Usimtume mtu. Mkikutana dukani, geuka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, mkoba umelala mapajani.

Sikumkataza kupeleka chakula. Wakili wa kutoka mjini angekumbuka. Mimi nimezaliwa hapa. Kwetu mtoto akivunjika mguu, unapika. Mtu akifiwa, unapika. Nyumba ikiungua, unapika na kupeleka pale walipohifadhiwa. Hilo hata adui hulifanya, kisha akaendelea na uadui wake. Haikunijia kabisa kwamba nimwambie asifanye, kama ambavyo isingenijia kumwambia asipumue.

Wakamleta kwenye chumba cha mawakili akiwa na nguo za rangi ya machungwa zilizomzidi mikono.

"Usinitazame hivyo, Shemasi," akasema kabla sijaketi. "Ulisema nisiongee nao, nisiwapigie, nisiwaandikie. Hukusema nisipike."

"Ni kweli. Sikusema."

"Basi."

"Dada Arvella, ulifika mpaka barazani kwake?"

"Ningemrushia kuku kutoka barabarani?"

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Nikatoa kalamu. "Alifungua mlango nani?"

"Mwenyewe. Nilitaka kuliweka chini niondoke, kama Mungu aishivyo. Lakini akafungua, tukatazamana, na mimi..." Vidole vyake vilikuwa vikishika usukani ambao haukuwapo. "Nilisema tu."

"Ulisema nini?"

"Nilimwambia, 'Mama Stallworth, niligeuka. Niliangalia nyuma.' Basi. Nikampa kuku wake nikaondoka."

Nikaiweka kalamu chini.

Kwa yule asiyejua kazi yetu, nieleze kwa nini maneno hayo yalinichosha kuliko nilivyokuwa nimechoka tayari. Katika jinai, mtu akinyamaza hakuna anayeruhusiwa kuugeuza ukimya wake kuwa jibu. Katika madai inaruhusiwa. Anayebeba kesi zote mbili za mtu mmoja anatembea juu ya uzio: anachosema huku kinamuumiza kule. Tangu Februari kazi yangu yote ilikuwa kumweka Dada Arvella kimya mpaka jinai iishe. Kila wiki wakili wa Birmingham alitaka kumhoji kwa kiapo, na kila wiki nilimkatalia. Sasa mwanamke huyu alikuwa ametoa maelezo yake barazani kwa mdai mwenyewe, bure, pamoja na chakula.

"Kwa nini uligeuka?" nikamwuliza. Nilijua jibu. Aliniambia siku ya kwanza, na kunizuia nisilitumie.

"Unajua kwa nini."

"Tavion alikuwa amesimama juu ya kiti."

"Sitamtaja mtoto."

"Ukimtaja, hadithi ya simu inakufa. Kumgeukia mtoto ili akae chini si kupuuza hatari. Ni..."

"Ni mtoto, Shemasi. Ana magongo. Unataka nisimame mbele ya watu niseme alivunjika kwa kosa lake? Atalibeba mpaka lini?" Akafuta uso kwa mkono wa ile nguo. "Kama ni lazima niende, nitakwenda. Usimtaje."

Wakili hafanyi atakalo, anafanya lililo halali ambalo mteja ameridhia. Tukashikana mikono juu ya ile meza ya chuma tukaomba. Sala yenyewe ilikuwa fupi, kwa sababu askari alikuwa akigonga dirisha.

*

Sikuanza maisha nikiwa wakili. Nilisoma mita za umeme katika kaunti hii kwa miaka mingi, nikipita nyuma ya nyumba za watu, nikifukuzwa na mbwa, na kuona mengi ambayo wenye nyumba hawakujua nimeyaona. Nikaona watu wakitupwa nje ya nyumba ambazo wangeweza kubaki nazo kama mtu mmoja tu angewasomea karatasi. Basi nikiwa na mvi tayari nikaingia shule ya sheria ya jioni huko Birmingham. Nilitoka kazini na vumbi kwenye buti, nikaendesha, nikakaa nyuma ya vijana walioniita mzee, nikarudi nyumbani wakati Zenobia, mke wangu, ameshalala na sahani yangu iko ndani ya oveni. Vitabu vilikuwa vizito na macho yangu yalikuwa yakizeeka. Nilikuwa nikiweka kiganja juu ya kitabu kabla ya kukifungua na kumwomba Mungu aruhusu ukurasa mmoja tu uniingie. Mtihani wa uwakili uliniangusha, ukaniangusha tena, kisha ukanipitisha.

Nilidhani nitatetea washtakiwa peke yake. Niliamini huko ndiko waliko wasio na mtu. Lakini mji wetu haumruhusu wakili kuchagua. Asubuhi unasimama na kijana aliyeiba betri ya trekta, mchana uko kwenye kesi ya bomba la maji machafu linalomwagika kwa jirani, na jioni mjane yuko mlangoni na barua ya benki. Nikagundua kwamba yule kijana na yule mjane ni wa nyumba moja. Deni la mmoja ndilo lililomtuma mwingine kwenye trekta. Kwa hiyo nilifanya yote, na hakuna nililolifanya nikiwa nimelala vya kutosha.

"Umechoka, Hosea," Zenobia aliniambia jioni ile ya Jumatano, tukimenya maharage.

"Nimechoka."

"Si leo tu."

"Najua, mama."

Akanisogezea bakuli la maganda.

Nilichotaka kufanya ni kitu kimoja: kwenda kwa Mama Stallworth, kukaa barazani kwake na kumwuliza atasema nini Ijumaa. Nimemfahamu tangu nikiwa naingia nyuma ya nyumba yake kusoma mita na yeye akinipa maji ya limau. Lakini ana wakili wake, na sheria ya kazi yetu inanikataza kuzungumza naye juu ya kesi bila wakili huyo. Kwa hiyo Alhamisi nilimpigia simu huyo wakili, Bwana Whitlock.

"Gaddis!" akasema kwa furaha. Ana sauti ya mtu aliyekula vizuri. "Nasikia mteja wako ameanza kuzungumza."

"Alipeleka chakula."

"Na kukiri juu yake. Rafiki yangu, nina hati ya kiapo ya bibi iko njiani kuchapwa. Mlete mteja wako nimhoji, bima ya shule italipa, na sote tutalala."

"Na mwendesha mashtaka atayachukua mahojiano hayo na kumpeleka gerezani."

"Hilo ni la jinai. Mimi sifanyi jinai."

"Mimi nafanya," nikasema.

"Ndiyo maana unasikika kama mtu mwenye mafua," akasema, akacheka, si kwa ubaya. Tukaagana.

*

Ijumaa chumba cha mahakama kilijaa nusu. Kwaya yetu ilikuja karibu yote, wanawake wakiwa na kofia zao kana kwamba ni Jumapili. Whitlock alikaa benchi la nyuma kama mtazamaji, mguu juu ya mguu. Lililokuwa mbele ya jaji ni moja tu: dhamana ifutwe au ibaki. Ikifutwa, Dada Arvella atakaa ndani mpaka kesi yake isikilizwe, na kwa foleni yetu hiyo ni mwaka ujao. Ana mume mwenye kisukari ambaye hajui hata sindano zinakaa wapi. Na yakiingia kwenye kumbukumbu yale maneno ya barazani, hata hukumu yenyewe ingekuwa imeshaanza kuandikwa.

Mwendesha mashtaka alikuwa Bi Kimbrough, mwanamke kijana, mwerevu, asiyependa kupoteza muda wa mtu. Alimwita Mama Stallworth. Mama alipanda kizimbani taratibu, akaapa, akaipanga sketi yake na kumtazama jaji.

"Mama Stallworth," Bi Kimbrough akaanza, "Jumanne mshtakiwa alikuja nyumbani kwako?"

"Alikuja."

"Ulimwalika?"

"Mtu haalikwi kuleta chakula, binti. Analeta."

Watu wakacheka kidogo. Jaji Holloway, mzee mwenye kope nzito, akainua kidole, wakanyamaza.

"Uliogopa ulipomwona?"

"Nimwogope Arvella? Nilimfundisha shule ya Jumapili. Alikuwa akinyonya kidole."

"Lakini ulipiga simu kwa ofisi ya sherifu."

"Sikupiga. Mpwa wangu ndiye aliyepiga. Anasoma mambo kwenye mtandao." Akageukia jaji. "Na chakula chenyewe alikila, Mheshimiwa. Polisi walipofika alikuwa na sahani ya pili."

Bi Kimbrough akasubiri kicheko kiishe. Kisha akauliza swali lenyewe, kwa upole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa kitandani.

"Pale barazani, mshtakiwa alikuambia nini kuhusu ajali?"

Nikasimama. "Napinga, Mheshimiwa. Tuko hapa kwa suala la kuwasiliana, na kuwasiliana tumekubali. Maneno yaliyosemwa ni ya siku ya kesi yenyewe."

Jaji akasugua paji la uso. "Wakili Gaddis ana hoja. Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?" Mama Stallworth akauliza.

"Usijibu kwanza."

"Mheshimiwa, yule kijana pale ameniapisha kusema ukweli wote. Nikiishia katikati nitakuwa nimeapa nini?"

Jaji akamtazama kwa muda. Halafu akanitazama mimi. "Wakili Gaddis, pingamizi lako nitalikubali. Unalisimamia?"

Nilijua yale maneno. Nilijua yangekuwa nini mikononi mwa Bi Kimbrough, na nini mikononi mwa Whitlock. Nilitakiwa kusema ndiyo. Shule yote ile ya jioni, usingizi wote ule niliopigana nao barabarani, ni kwa ajili ya kusema ndiyo kwa wakati unaofaa. Nikafungua mdomo, nikahisi mkono ukinivuta koti.

Nikainama. Dada Arvella hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Mama Stallworth.

"Mwache aseme," akanong'ona.

"Akisema siwezi kulirudisha. Unanielewa? Halirudi. Unaweza kulala gerezani kwa neno hilo."

"Ninaelewa, Kaka Hosea." Kanisani huniita Shemasi, kama wote. Hakuwahi kuniita kaka. "Nimechoka kunyamaza kama niliyefanya kwa makusudi. Mwache tu."

Nikasimama wima. Nilisema moyoni, Bwana, mimi sioni mbele. Kwa sauti nikasema, "Kwa maelekezo ya mteja wangu, Mheshimiwa, naondoa pingamizi."

Bi Kimbrough alinitazama kama anayeangalia mtu akishuka ngazi isiyokuwepo. Akarudia swali lake.

"Alisema, 'Niligeuka. Niliangalia nyuma,'" Mama Stallworth akajibu. "Hayo tu."

"Aliangalia nyuma. Hakuwa akitazama barabara." Bi Kimbrough akaandika. "Asante, sina jingine."

"Mimi ninalo," Mama Stallworth akasema.

"Mama, swali limeisha," jaji akasema.

"Swali limeisha, ukweli haujaisha. Hamtaki kujua aligeuka kwa nini?" Benchi la nyuma likalia. Whitlock alikuwa ameinuka nusu, mkono hewani, akakumbuka kwamba katika chumba kile siku ile hakuwa wakili wa mtu. Akabaki hivyo, hajakaa wala hajasimama. Mama Stallworth alimwona vizuri. "Kaa, Bwana Whitlock. Najua umeniambia nisiseme."

Kisha akamgeukia jaji.

"Mjukuu wangu aliniambia mwenyewe, mwezi wa tatu, akiwa bado amefungwa plasta ngumu mguuni. Alikuwa amesimama juu ya kiti akimrushia mwenzake kofia. Arvella alimwita kwa jina akae chini. Akamwita tena. Mara ya pili ndipo alipogeuka. Tavion analia usiku akisema ni yeye aliyelipindua basi. Mimi nikamwambia usimwambie mtu." Hapo sauti yake ikapungua. "Nilifikiri mguu wake wa baadaye, na fedha za hospitali. Nikafikiri, Arvella naye atasema, nami nitakuwa sikudanganya. Nikasubiri aseme. Miezi yote hii hakusema. Akaja na kuku, na bado hakusema."

Dada Arvella aliinamisha kichwa mpaka juu ya meza.

"Sikumwomba anifichie mtoto wangu," Mama Stallworth akasema. "Lakini alimficha. Sasa mimi nimekaa hapa, niko chini ya kiapo. Haya, andikeni."

*

Dhamana ilibaki. Jaji aliongeza kwenye sharti, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba chakula nacho ni mawasiliano, nami nikaitikia kwa sauti ili iandikwe. Bi Kimbrough alinikuta kwenye korido baadaye, mafaili ameyabana kifuani.

"Hadithi ya simu siwezi kuipeleka tena mbele ya wazee wa mahakama," akasema. "Lakini aliondoa macho barabarani akiwa na watoto, Wakili. Hilo amelisema."

"Amelisema."

"Basi akiri uzembe. Kosa dogo, bila kifungo. Leseni ya basi ataisalimisha, na hataiomba tena."

"Kamwe?"

"Kamwe. Ningekuwa na mtoto kwenye basi lile ningetaka hivyohivyo. Na wewe pia."

Ilikuwa kweli. Nikamwambia nitamweleza mteja wangu.

Kwenye ngazi za nje nilimpita Mama Stallworth akimsubiri mpwa wake alete gari. Whitlock alikuwa ameshakwenda. Dai la mtoto halijafa, lakini litakuwa dogo, na mimi na Mama tulijua ni nani aliyelipunguza. Nikavua kofia.

"Mama, siruhusiwi kuzungumza nawe kuhusu kesi."

"Nani anazungumza kesi? Nina mguu unauma." Akaangalia barabarani. "Usinishukuru, Shemasi. Nimemfundisha mtoto kuficha. Sasa nakwenda nyumbani kumweleza kwa nini bibi yake ameyasema yote mbele ya watu. Niombee hilo."

Nikamwambia nitaomba, na nikaomba palepale, macho wazi, huku watu wakitupita na karatasi zao.

Baada ya Dada Arvella kukiri lile kosa dogo, wiki mbili baadaye, nilimpeleka nyumbani kwa gari langu. Alikuwa ameacha leseni yake kwenye kaunta ya karani, akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Amewabeba watoto wa kaunti hii tangu mimi nikiwa kwenye mita, na wengi wa wale walio jela au kwenye halmashauri leo walipanda basi lake. Gerezani hakwenda. Nilikuwa nikijirudia hilo njia nzima, ili nilisikie. Hakwenda gerezani.

Alikuwa amekaa kando yangu na mkoba mapajani, akitazama mbele. Tulipokaribia kila alama ya kusimama, niliona kiatu chake cha kulia kikikandamiza zulia la gari, taratibu, mapema kuliko mimi. Kwenye reli akakandamiza mpaka mwisho, kama dereva wa basi la shule anavyolazimika kusimama hapo, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akasikiliza. Mimi nikasimamisha gari, nikangoja. Hapakuwa na treni. Akaondoa mguu, nasi tukavuka.